Dhamira Tumeifundisha, Dhamiri Tumeiacha Wapi?

Chukua karatasi yoyote ya mtihani wa fasihi ya Kiswahili, iwe ya kidato cha nne au cha sita, uitazame. Hutakosa kuliona neno dhamira. Mtahiniwa huambiwa ajadili dhamira, alinganishe dhamira, athibitishe dhamira kwa hoja kutoka vitabu viwili. Naye huandika "ubinafsi" akaweka mfano, huandika "uadilifu" akaweka mfano, kisha hukabidhi karatasi yake na kwenda zake. Neno pacha la dhamira, yaani dhamiri, haliulizwi.

Maneno haya mawili yametoka tumbo moja. Yote ni ya mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuficha, kuweka jambo ndani ya moyo. Waarabu wenyewe hutumia neno hilohilo, dhamiri, kwa kile ambacho wanasarufi wetu hukiita kiwakilishi, kwa kuwa kiwakilishi husimama mahali pa jina lililofichwa. Kiswahili kililipokea neno likazaa watoto wawili. Dhamira ikawa kusudio, jambo ambalo mtu amelidhamiria, na katika uhakiki ikawa lile analolikusudia mwandishi. Dhamiri ikawa ile sauti ya ndani inayomshitaki mwenye nayo pasipo shahidi wala karani. Dhamira ya kitabu hupatikana kwa kukisoma hadi mwisho na kukifupisha. Dhamiri ya mhusika haifupishiki. Ni lazima umfuate mtu huyo hadi mahali ambapo haonwi na yeyote, umtazame mikono yake inafanya nini.

Madai yangu katika makala haya ni kwamba uhakiki wetu umejizoeza kuisaka dhamira ukaisahau dhamiri, na kwamba kwa sababu hiyo tumewasoma vibaya wahusika wema kuliko wote tulionao. Nitamchukua mmoja, Adili wa Shaaban Robert, katika kitabu cha Adili na Nduguze kilichotoka mwaka 1952. Nimemchagua kwa kuwa ndiye anayesingiziwa zaidi. Husemwa kwamba ni mhusika bapa, kinyago cha wema kilichovishwa kanzu. Istilahi hiyo ya "bapa" tuliipata kwa Mwingereza E. M. Forster, aliyeigawa jamii ya wahusika katika bapa na duara mwaka 1927, nasi tumeitumia kama mhuri wa posta. Mhuri ukishapigwa, barua haifunguliwi.

Kabla ya kuifungua barua, neno moja juu ya ubinafsi. Kiswahili cha zamani kina neno choyo, nalo ni la mkono na la chungu. Mwenye choyo ni yule anayefunika chakula mgeni anapobisha hodi. Ubinafsi ni neno jipya zaidi kwa umbo na kwa uzito. Limejengwa juu ya binafsi, yaani kwa nafsi yake, na lilivaa gwanda la siasa hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, pale ambapo ubinafsi ulisimamishwa kizimbani kuwa adui wa ujamaa. Tangu hapo tumezoea kuuona ubinafsi kama msimamo, kana kwamba mtu huukata shauri asubuhi moja akauvaa. Choyo kilijua zaidi. Kilijua kwamba jambo hili huanzia kwenye sahani.

Sasa turudi kwa Adili. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali kwenda Janibu kudai kodi iliyochelewa. Liwali wa Janibu ni Adili. Ikibali anakaribishwa vizuri, lakini usiku anaona jambo la kutisha. Mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa upole, anaingia mahali walipofungwa manyani wawili, anawachapa kwa mjeledi, kisha analia, anawabembeleza, anawalisha na kuwanywesha. Usiku unaofuata mambo ni yayo kwa yayo. Ikibali anarudi na habari hiyo pamoja na kodi, na Rai anamwita Adili aje ajieleze, manyani wakiwa pamoja naye. Hapo ndipo tunapojua kwamba manyani hao ni Hasidi na Mansuri, ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja. Walifuja urithi wao, akawagawia wake. Walisafiri naye, wakamwonea kijicho kwa ajili ya msichana Mwelekevu, wakamtupa baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyemwopoa, akawageuza ndugu hao manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku.

Wengi wetu tulifundishwa kisa hiki kama ngazi ya mafunzo: wivu ni mbaya, wema hauozi, msamaha ni bora kuliko kisasi. Yote hayo yamo. Lakini tazama jina. Adili linatokana na neno la Kiarabu la haki na usawa, wala si neno la huruma. Huyu si Bwana Mpole, huyu ni Bwana Haki. Naye kila usiku anaitekeleza haki, maana manyani wale wanastahili adhabu na hakuna awezaye kusema wameonewa, kisha haki hiyohiyo inamliza. Mwandishi amempa mtu jina, halafu akamweka mahali ambapo jina lake linamchoma mkono. Mhusika bapa hafanyiwi hivyo.

Majina ya nduguze nayo yatufae kidogo. Kisa hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela, ambamo liwali wa Basra aitwaye Abdullah bin Fadhil ana ndugu wawili, Nasir na Mansur, waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert amebadili mbwa kuwa manyani, Abdullah kuwa Adili, Nasir kuwa Hasidi. Mansur amemwacha, ila amemwongezea irabu ya Kiswahili. Mansuri maana yake ni aliyenusuriwa, aliyepewa ushindi. Kwa hiyo si kweli kwamba katika kitabu hiki kila mtu amebandikwa jina la tabia yake. Mmoja kati ya waovu wawili anatembea na jina jema mwanzo hadi mwisho, na mwisho wake anakuja kulistahili. Katika kisa cha Kiarabu ndugu hao, baada ya kusamehewa, huirudia hila yao, nao hulipwa kifo. Katika kisa cha Kiswahili hurudishiwa umbo la watu, hutubu, nao huishi. Mtunzi wetu aliyageuza makusudi. Aliisoma hukumu ya kale akaikatia rufaa.

Kuna hoja dhidi ya Adili ambayo ni nzito kuliko ile ya ubapa, nami nimeisikia kwa vijana zaidi ya mara moja. Wao husema: Adili alichapa kwa kuogopa. Huria alikwisha mtisha, na kama angekaidi, adhabu ingemrudia yeye. Basi alichapa ili ajiokoe. Huo si ubinafsi? Na machozi yale ni ya nani, ya nduguze au yake mwenyewe?

Hoja hii si ya kupuuzwa, na mwalimu anayeijibu kwa kusema "nyamaza, Adili ni kielelezo cha wema" anastahili kupewa likizo. Hofu ya nafsi yake ilikuwamo. Mkono uliokamata mjeledi ulikuwa wake, haukuwa wa Huria. Lakini naomba tuangalie kitu kimoja kidogo ambacho hoja hiyo inakiruka. Amri ilikuwa kuchapa. Chakula hakikuwamo katika amri. Kumpangusa machozi nyani aliyekutupa baharini, kumshika, kumlisha, hakuna jini aliyeliagiza hilo, na hakuna mtu aliyeliona hadi Ikibali alipokosa usingizi. Mtu akitaka kujua dhamiri ya mhusika inakaa wapi, naamini inakaa hapo: katika kile anachokizidisha juu ya alicholazimishwa, gizani, bila faida. Kuihofia nafsi yako si ubinafsi. Hata swala huihofia nafsi yake. Ubinafsi huanza pale maumivu ya mwenzio yanapoacha kuhesabiwa, yanapokuwa kelele tu za nyumba ya pili. Kwa Adili yalihesabiwa kila usiku.

Je, yatosha? Kulia baada ya kuchapa kunamsafisha mtu? Sidhani. Kama wangekuwa ndugu zangu ningemwambia kwamba chakula ni kizuri lakini mjeledi uliuma. Ila hapo tayari tunajadiliana na mtu, tunamlaumu, tunamtetea. Kinyago hakijadiliwi hivyo.

Naandika haya nikiwa Ikombe, na mahali penyewe panadai kusema. Kijiji kipo ukingoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, ng'ambo kidogo ya Matema. Mlima umeisukuma ardhi hadi ufukweni, na mtu huona ni afadhali aje kwa mtumbwi kuliko kuparamia miamba. Wenyeji ni Wakisi, na Wakisi wanajulikana kwa vyungu. Wanawake ndio wafinyanzi. Vyungu hupakiwa mitumbwini, hufuata ufuko hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, na kutoka hapo huenda Kyela, Tukuyu na Mbeya, hata mbali zaidi.

Kukisoma kitabu cha Adili hapa ni tofauti na kukisoma katika darasa la Dar es Salaam. Kule, kutupwa baharini ni tukio la hadithi, hatua ya tatu ya msuko. Hapa kila mtu amekaa katika mtumbwi uliojaa vyungu vya watu wengine, upepo wa mwera ukaanza kuvimbisha mawimbi. Watu hapa wanajua kwamba chomboni mna swali moja tu linapochafuka ziwa, nalo ni nini kitupwe. Ninapofika kwenye ukurasa ambapo Hasidi na Mansuri wanamtupa ndugu yao, hawa hawashangai kwamba waliweza. Wanashangaa kwamba ziwa lilikuwa shwari. Hawakumtupa kwa kuwa chombo kilikuwa kinazama. Walimtupa chombo kikiwa kizima, chenye nafasi ya wote. Ni jambo ambalo sijaona likitajwa katika mwongozo wowote wa kitabu hicho, na kwa mpanda mtumbwi ndilo kosa lenyewe.

Huku ukanda wa kaskazini wa ziwa kuna fikra nyingine kuhusu dhamiri ambayo fasihi yetu ya Kiswahili haijaitumia ipasavyo. Majirani wa Wakisi upande wa bonde la Kyela ni Wanyakyusa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwao na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company kuhusu vijiji vyao vya rika. Vijana walikuwa wakitoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, na katika ujana huo walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kula peke yako kulikuwa aibu. Neno lao, ukwangala, ni kukaa pamoja kwa raha na adabu, kuzungumza, kula na kunywa na wenzako. Kwao hilo halikuwa starehe ya pembeni, lilikuwa shina la maadili.

Na walikuwa na picha ya ubinafsi ambayo mwandishi yeyote wa riwaya angeionea gere. Mtu mlafi, mwenye uchu wa nyama na maziwa ya wenzake, alidhaniwa kuwa na chatu tumboni. Ubinafsi ulikuwa mnyama anayekaa mahali pale pale pa chakula. Lakini aliyekosea jamaa zake naye aliweza kupigwa na kitu walichokiita pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani, baridi inayomwingia mkosaji hadi akaugua. Yaani dhamiri haikukaa kifuani mwa mtu peke yake. Nusu yake ilikaa vinywani mwa jirani zake. Na Bibi Wilson aliandika jambo la kushangaza zaidi, kwamba nguvu ya wale walinzi wa kijiji na nguvu ya wachawi zilidhaniwa kutoka chanzo kimoja. Chatu alikuwa chatu. Ulichokifanya naye ndicho kilichoamua wewe ni nani.

Simulizi hilo ni zuri kulisoma, lakini lina meno. Pumzi ya watu inapokosea, haina rufaa. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu na jirani fulani alifiwa. Macho yale ni mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Lakini bibi huyo alikwisha kupewa jina, na aliyekwisha kupewa jina hatazamwi tena mikono. Hiyo ndiyo sababu sioni kwamba mjadala wa wahusika bapa ni mchezo wa watu wenye nafasi. Darasa linalomfundisha mtoto kwamba ukishajua jina la mhusika umemjua mhusika, linamfundisha namna ya kumsoma mtu. Atatoka pale na kwenda kuwasoma jirani zake vivyo hivyo: huyu Hasidi, huyu Adili, huyu mchawi.

Mtu ataniambia kwamba hayo ni makosa ya Shaaban Robert mwenyewe aliyewapa wahusika majina ya namna hiyo, na kwamba waandishi waliokuja baadaye walituondolea tatizo. Ni kweli Euphrase Kezilahabi aliivunja desturi ya majina yanayohubiri. Lakini sikubali kwamba wahusika wake wana dhamiri zaidi kwa sababu tu wana mashaka zaidi. Mchukue Kazimoto, msimuliaji wa Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974. Huyu ni msomi wa chuo kikuu anayejichunguza ukurasa baada ya ukurasa. Anajihoji, anajilaumu, anajidharau. Ana jeraha la kweli, maana dada yake Rukia aliharibiwa maisha na Manase. Kwa mizani ya Forster yeye ni duara kama chungwa. Lakini hebu uliza swali la sahani: katika kujihoji kote huko, ni nani aliyelishwa? Kisasi anachokipanga kinapitia mwilini mwa msichana ambaye hakumkosea. Dhamiri yake inasema sana, na karibu kila inachosema kinamhusu yeye. Hufika mahali dhamiri ikageuka kioo, na mwenye kioo hicho hana tofauti kubwa na mwenye choyo, ila anajua maneno mengi zaidi. Mwisho wake, kujiua kwa mkono wake mwenyewe, unanihuzunisha kila nikiusoma. Sisemi haya kwa kumdharau Kazimoto. Kezilahabi alijua anachokichora, na hakututaka tukiige.

Mlinganisho unaonipendeza zaidi ni wa Adili na Zakaria, baba yake Rosa katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Hawa wawili wanafanana kwa jambo moja: wote wanawapiga jamaa zao. Zakaria ni mlevi. Mzigo wa nyumba anaubeba mkewe Regina. Siku anapogundua barua ya mvulana kwa binti yake, anamchapa Rosa kipigo cha mbwa mwizi, kwa jina la heshima na malezi mema. Ukimwuliza, dhamiri yake ni safi. Amelinda bikira ya mtoto. Kwa hakika dhamiri ya Zakaria iko macho mno, tatizo ni kwamba ameiajiri kuwa askari wa nyumba ya mwenzake. Hajui kwamba amemwogofya binti yake hata akashindwa kuwajua wanaume isipokuwa kwa njia ya kuangamia. Weka vipigo viwili hivi mbele yako. Kimoja kimeamriwa, nacho kinafuatiwa na machozi na chakula. Kingine hakikuamriwa na yeyote, nacho kinafuatiwa na pombe. Zakaria angeshinda shindano lolote la wahusika duara, kwa kuwa tunamkuta akiwa na udhaifu, uchovu na umaskini wake. Lakini kati ya hao wawili, mwenye moyo unaofanya kazi ni yule bapa.

Kuna kesi ngumu ambayo mizani yangu ya sahani haiipimi vizuri, nami ningependa isemwe. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, shujaa amekwisha kushindwa. Maji hayakuzuia risasi. Watu wamekufa. Afisa wa Kijerumani anamtaka aseme neno moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa, kwa kuona kwamba neno hilo likitoka, watakaozaliwa wataambiwa kwamba kupigania nchi kulikuwa uongo pia. Je, hiyo ni dhamiri au ni kiburi cha mtu asiyetaka kukana jina lake? Hapa hapana nyani wa kulisha. Kuna wafu, na kuna watoto ambao hawajazaliwa. Hussein mwenyewe alitanguliza onyo kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule Kinjeketile Ngwale wa historia aliyenyongwa mwaka 1905, na naona alifanya hivyo ili tuwe huru kumshuku mhusika wake. Mimi humshuku. Kila nikimsoma huegemea upande mmoja, na nikimwona jukwaani huegemea upande wa pili. Nadhani ni kwa sababu kitabuni nasikia hoja yake, na jukwaani namwona yuko peke yake.

Na wale wahusika wabinafsi tunaowapenda? Sungura wa hadithi zetu, Kalulu wa jirani zetu wa Malawi ng'ambo ya ziwa, ni mwizi, mwongo na msaliti wa rafiki. Watoto humshangilia. Sioni haja ya kujitaabisha. Sungura ni mdogo miongoni mwa fisi na simba, na ubinafsi wa mdogo hunuka tofauti na ubinafsi wa mkubwa. Siku Sungura atakapopewa uliwali wa Janibu tutamhesabia upya.

Swahili ya kaya hutuambia kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo tumezoea kuitumia kama malalamiko au mzaha: anayefinyanga vyungu vya wote, mwenyewe anakula katika kigae. Nimeishi na wafinyanzi kwa muda wa kutosha kujua kwamba kigae si alama ya wema. Ni kwamba chungu kizima kina bei na kilichopasuka hakina. Ninalisema hili kwa sababu wahakiki wetu hupenda kumpa mhusika maskini wema wa bure, kana kwamba kukosa ni kutoa. Adili hakuwa maskini. Alikuwa na mali, akaigawa kwa watu waliokwisha kumwonesha jinsi wanavyofuja mali. Hapo tena ubinafsi ungemfaa, na ungekuwa na hoja nzuri: hawa watapoteza na hiki pia. Alijua, akagawa.

Jioni moja nilimsimulia kisa hiki mama mmoja mfinyanzi, naye anapiga msasa chungu kibichi kwa kijiwe laini, wala hakuinua macho. Nilipofika kwenye mjeledi, mkono ulisita. Nilipofika kwenye chakula, uliendelea. Sikumwambia majina ya watu, nilisema tu "mkubwa", "ndugu wa kwanza", "ndugu wa pili". Nilitaka nione kisa kitasimama namna gani bila lebo.

Alipomaliza chungu alikiweka kivulini, akaosha mikono, ndipo akaniuliza.

"Hao manyani, mwalimu, walikuwa wanakula?"

Nikamwambia, ndiyo mama, walikula.

"Kutoka mkononi mwake? Usiku uleule aliowapiga?"

"Usiku uleule."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mimi nimemtazama anayelisha tu, kwa kuwa ndiye mwenye hadithi, lakini yeye anataka kujua juu ya wale wawili. Nyani aliyepigwa angeweza kukataa chakula. Angeweza kumng'ata vidole. Kama walikubali kula kwa mtu waliyemtupa majini, tena anayewachapa, basi kulikuwa na jambo lililokwisha kuanza ndani yao mapema, kabla mfalme hajawaombea.

"Ni usiku wa ngapi," akauliza, "waliacha kugeuza uso?"